Fleti ya huduma na fleti yenye samani

Fleti ya huduma ni makazi ya muda ambamo mgeni hupata chumba cha kulala, sebule, jiko na bafu lake mwenyewe, pamoja na watu wa kumfagilia, kumbadilishia mashuka na taulo, na kuja mara moja bomba linapovuja. Hulipiwa kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi. Ningeishia hapo kama siku hizi mjini Kampala jina hilo lisingebandikwa kwenye kila nyumba ya kupanga yenye sofa mpya na picha ukutani.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulitoka Mbale kwenda kupumzika Kampala kwa siku 3, tukakodi mahali Bugolobi palipotangazwa kwa jina hilo. Palipendeza kweli, na roshani yake ilitazama miti. Usiku wa pili umeme ulikatika ilhali majirani wote walikuwa na taa. Nilipompigia mwenye nyumba, alinieleza kwa upole kwamba yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ilikuwa imekwisha, ninunue mwenyewe kwa simu, na namba ya mita imeandikwa nyuma ya mlango. Asubuhi tulipoomba taulo kavu, tukaelekezwa ilipo mashine ya kufulia. Samani zote tulizoahidiwa tulizikuta. Tulichokikosa ni kile kilichotajwa kwenye jina.

Hapa ndipo asili ya maneno inaposaidia. Apatimenti limetokana na neno la Kiitaliano, appartamento, yaani mahali palipotengwa: vyumba ndani ya jumba kubwa alivyotengewa mtu mmoja. Fleti tumelipokea kutoka Kiingereza, ambako chimbuko lake ni neno la kale flet, lililomaanisha sakafu. Yote mawili yanataja mahali tu. Huduma, kwa upande wake, ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, khidma, na kwenye shina hilohilo kuna mhudumu, kuna kitenzi kuhudumia, na kuna hadimu, yaani mtumishi, lililobaki katika jina la Wahadimu wa Unguja. Kila neno katika ukoo huu lina mtu ndani yake, anayemtendea mwingine jambo, na ndiyo maana kabati na televisheni, hata viwe vya thamani kiasi gani, haviwezi kuitwa huduma. Mtu huyo akiondoka, kinachobaki ni sakafu iliyotengwa.

Wapo pia wanaoiita hoteli, na kosa hilo ni dogo zaidi, hasa kwa kuwa katika Kiswahili chetu hoteli ni hata pale tunapokula wali na maharage. Tofauti yake ni jiko: mgeni wa fleti ya huduma anaweza kwenda soko la Nakasero, akanunua matoke na nyama, akapika kwa mkono wake, kisha akakuta vyombo vimeoshwa.

Mwenye nyumba aliye na vitu vizuri lakini hana mhudumu anaweza kuandika bila aibu yoyote "fleti yenye samani", kwani hilo ni jina kamili na wapangaji wake wapo. Naye mgeni anayepiga simu, kabla hajauliza bei, aulize mashuka yanabadilishwa na nani, na yaka inanunuliwa na nani.