Njiti akipewa rufaa: maswali ya wazazi

Njiti ni mtoto wa namna gani?
Aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mafuta yake ya mwili ni haba, kwa hiyo joto humtoka upesi. Mapafu huenda hayajakomaa, na wengi hawawezi kunyonya vizuri kabla ya kufikisha wiki 34 hivi tangu mimba ilipoanza.

Kituo chetu hakina inkubeta, mashine ya kumtunzia njiti joto. Tufanyeje?
Kifua cha mama kipo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, wodi ya Dkt. Edgar Rey Sanabria ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine, akaanza kuwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaruu tunayoijua. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, ila kwa mtoto aliye mahututi au asiyeweza kupumua mwenyewe. Baba na bibi nao wanaweza kupokezana.

Na njiani kwenda hospitali kubwa?
Kama hali yake inaruhusu, asafiri vivyo hivyo kifuani. Kabla gari halijaondoka, ombeni kituo kipige simu kuuliza kama kuna nafasi na oksijeni. Si jambo la kugundua mkiwa getini. Barua ya rufaa itaje wiki za mimba, uzito na dawa alizopewa.

Mama amefanyiwa upasuaji, amebaki kule. Maziwa je?
Hapa ndipo rufaa nyingi huharibika, nami nashikilia kwamba mama naye ahamishwe mara anapoweza. Wakati huo akamue tangu saa za mwanzo, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ni matone tu, lakini msiyamwage. Chombo kiwe safi, chenye kifuniko, jina na saa ya kukamua, kisafirishwe kwenye kiboksi chenye barafu. Kanuni kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 nje ya friji ni ya joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Mombasa hauko hivyo.

Asipopata maziwa kabisa?
Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama mwaka 2019 katika hospitali ya Pumwani, Nairobi. Katika benki za namna hii, mama anayechangia hupimwa magonjwa kama VVU, kisha maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30.

Je, watoto waliopewa maziwa ya mama mmoja huko watakuwa ndugu wa kunyonya, wasioweza kuoana katika Uislamu?
Swali la haki, na si la kuonewa aibu wodini. Wanazuoni wa Kiislamu wanatofautiana: wapo wanaokataza, wapo wanaoruhusu. Mwulizeni mnayemwamini, na wauguzi wawaeleze kama maziwa yamechanganywa ya mama kadhaa.

Tukiruhusiwa kurudi nyumbani?
Msiondoke bila barua ya kurudisha taarifa kwenye kituo chenu. Aliyezaliwa mdogo sana au aliyewekewa oksijeni apimwe macho wiki ya nne hivi baada ya kuzaliwa, hata kama anaonekana mzima.