“Ni mitishamba tu, haidhuru”: si kweli

Wengi wenye maumivu sugu ya viungo huamini kuwa dawa za Kichina, kwa kuwa ni mizizi na majani, haziwezi kumdhuru mtu. Lakini mizizi ya chuanwu na caowu, inayotumika China tangu kale kutuliza maumivu hayo hayo, ina akonitini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo na hata kuua. Ndiyo maana huchemshwa kwa muda mrefu: sumu huvunjika, makali yakapungua. Ikiivishwa harakaharaka, midomo hufa ganzi, kisha moyo huenda mrama. Hong Kong wameyaona hayo. Ajabu ni kwamba watu huogopa zaidi sindano za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini), ambazo zikiwa safi na mikononi mwa mtaalamu, madhara yake makubwa ni nadra.