Königsberg ndani ya Rufiji: kwa nini kazi ilichukua miezi minane

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, ila kuimaliza wakaweza Julai 1915. Wengi husema iliokolewa na mikoko. Mimi nasema kina cha maji.

Königsberg ilihitaji zaidi ya mita 5 za maji, kwa hiyo mafungu ya mchanga kwenye milango ya mto iliyavuka maji yakijaa tu. Manowari kubwa za Waingereza hazikuthubutu kuingia, na kutoka baharini mizinga yao haikumfikia adui aliyesogea juu zaidi. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mkono mmoja wa mto. Delta ina mikono mingi! Wakati huo sehemu za mashine za Königsberg zilikuwa zimekokotwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa.

Dawa ikawa Severn na Mersey, meli za mtoni zisizohitaji hata mita 2 za maji. Tatizo likabaki macho, maana mpiga mzinga haoni shabaha iliyo nyuma ya msitu. Ndege za kwanza joto liliziharibu, gundi ya mbao ikaachia. Zikaletwa nyingine, zikaruka kutoka Mafia.

Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja. Hapo ndipo walipokosea: mwangalizi angani hakujua kombora lipi ni la nani, na masahihisho yake ya redio yakawachanganya wapigaji. Mersey ikapoteza mzinga mmoja. Tarehe 11 Severn ilitia nanga ikapiga peke yake, na kila kombora likasahihishwa. Ndege ikapigwa, lakini mwangalizi aliendelea kutuma masahihisho huku inashuka kuelekea mtoni.

Kapteni Looff wa Königsberg aliilipua meli yake mwenyewe kwa kichwa cha torpedo. Mizinga yake 10 ikaopolewa, karakana ya reli Dar es Salaam ikaitengenezea magurudumu, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, akapigana nayo bara. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.