Shirika la ndege la mseto: unapata nini ukikaa daraja la kawaida

Mseto tunaoujua jikoni ni wali uliopikwa na choroko. Ukipakuliwa, wali unauona na choroko unaziona. Hakuna kilichosagika kikapotea ndani ya mwenzake. Nimelichagua neno hilo, badala ya "chotara" ambalo wengine hulitumia, kwa sababu mashirika ya ndege ya aina hii yako vivyo hivyo. Ukiwa umekaa ndani unaweza kunyoosha kidole: hiki kimetoka kwa shirika la bei chee, hiki kimetoka kwa shirika la huduma kamili.

Shirika la mseto ni lile linalobana matumizi kama shirika la gharama nafuu, kisha linamrudishia abiria baadhi ya vitu ambavyo gharama nafuu ilimnyang'anya. Vitu gani, hapo kila shirika lina lake. Moja litarudisha chakula, jingine begi la kilo 20, jingine nafasi ya magoti, jingine yote hayo ila kwa yule tu aliyenunua tiketi ya pili kutoka chini. Hakuna mamlaka ya anga inayotoa leseni yenye neno "mseto". Ni jina la kibiashara, na ndiyo maana linachanganya watu.

Tuanze na wali na choroko kabla havijakutana. Shirika la huduma kamili ni lile la zamani: nauli moja, na ndani yake kuna begi, chakula, kiti cha kuchagua, na ndege ya kuunganisha ambayo begi lako linakutangulia. Shirika la gharama nafuu liliutenganisha mkoba huo kitu kimoja kimoja. Mtindo ulipata umaarufu Texas, Marekani, ambako Southwest ilianza kurusha ndege mwaka 1971. Asia ya Kusini-Mashariki ulipamba moto baada ya 2001, pale Tony Fernandes na wenzake walipoinunua AirAsia kwa ringgit moja ya Malaysia, pamoja na madeni yake ambayo hayakuwa ya ringgit moja. Kanuni ni chache: aina moja ya ndege ili mafundi na marubani wasihangaike, daraja moja tu, viti vingi iwezekanavyo, ndege isikae chini muda mrefu, na kila kitu nje ya kiti kiuzwe peke yake. Sisi Tanzania tulionja Novemba 2012 fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam na nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kelele za kwanza za abiria zilikuwa za begi: "Kumbe mzigo unalipiwa?"

Sasa njoo Kuala Lumpur, Machi 2013. Kampuni ya Malaysia iitwayo NADI, yenye hisa asilimia 51, na Lion Air ya Indonesia, yenye asilimia 49, zilizindua Malindo Air, jina lililounganishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Lion Air ilikuwa gwiji wa bei chee kwao, kwa hiyo ungetarajia ije na bei chee ugenini. Lakini Kuala Lumpur ni nyumbani kwa AirAsia, na kwenda kumshinda mtu kwa bei nyumbani kwake, kwa kitu alichokizoea kwa miaka kumi na ushee, ni kujitafutia hasara. Malindo ikapita katikati: nauli karibu na za AirAsia, lakini begi limo, kitafunio kimo, kioo cha kutazamia filamu kiko nyuma ya kila kiti, na mbele kuna viti 12 vya daraja la biashara. Ndilo shirika ambalo tangu Aprili 2022 linaitwa Batik Air Malaysia.

Ukitaka kuona mseto kwa macho, acha matangazo, hesabu viti. Boeing 737-900ER ni ndege ambayo Lion Air ilikuwa ya kwanza duniani kuipokea, mwaka 2007. Ndani ya ndege hiyo Lion Air hupanga hadi viti 215. Malindo ilichukua ndege ileile, bomba lilelile la chuma, ikapanga viti 180: 12 mbele na 168 nyuma. Viti 35 vimeng'olewa, yaani karibu kimoja katika kila sita. Vilikwenda wapi? Vimegeuka kuwa nafasi ya magoti yako na viti vipana vya wale wa mbele.

Hesabu ya pili inafuata. Tuseme safari ya Kuala Lumpur hadi Bali inagharimu kiasi kilekile cha mafuta, marubani na ada za kutua, ndege iwe na viti 215 au 180. Ukigawanya gharama hiyo kwa 180, kila kiti kinabeba karibu asilimia 19 zaidi. Hapo hatujagusa chakula. Kwa hiyo ukiona shirika la mseto linauza tiketi kwa bei ya chini kuliko la gharama nafuu kwenye njia ileile siku ileile, jua kuna kilichotolewa kwenye tiketi hiyo, na mara nyingi ni begi. Pengo lenyewe hufidiwa na wale 12 wa mbele, na abiria wa kuunganisha ndege, na vitu vya kuuza pembeni ambavyo havikufutwa, vimepunguzwa tu.

Abiria wa daraja la kawaida hukutana na nini basi?

Cha kwanza magoti. Nafasi kati ya kiti na kiti hupimwa kwa inchi, kutoka sehemu fulani ya kiti chako hadi sehemu hiyohiyo ya kiti cha mbele. Kwenye ndege za bei chee za Asia inchi 28 au 29 ni jambo la kawaida, kama sentimita 74. Mseto hulenga 31 au 32, kama sentimita 81. Sentimita saba zinaonekana kichekesho mpaka mtu wa mbele alaze kiti chake. Lakini usisahau mabega: 737 ina mwili mwembamba kuliko Airbus A320, na viti vyake ni vyembamba kwa kama nusu inchi hivi au zaidi. Ukikaa kiti cha kati kwenye 737 ya shirika la mseto, magoti yatashukuru, mabega yatalalamika.

Chakula ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa safari ya saa moja au mbili usitegemee zaidi ya maji na kitu cha kutafuna, mfano wa ile soda na biskuti ya basi la Mwanza. Anayetaka kujua daraja la kawaida la mseto linavyojisikia, na amewahi kupanda basi la daraja la kati, ameshajua nusu yake: si lile la kubanana, si lile la viti viwili kwa kimoja lenye choo ndani.

Mzigo ndio moyo wa jambo, na hapa nitakaa kidogo. Karibu Asia yote begi la mkononi kwenye tiketi ya chini ni kilo 7. Saba hizo zinajumlisha kompyuta yako na ule mfuko wa zawadi, na mizani huwekwa kaunta, wakati mwingine hata langoni. Zamani mashirika ya mseto yalijitambulisha kwa kutoa kilo 15 au 20 bure kwa kila mtu. Siku hizi mengi yameiga ujanja wa jirani: nauli ngazi tatu au nne, na ya chini kabisa haina begi la kukabidhi. Hivyo ndani ya shirika moja, ndege moja, safu moja, mmoja amepanda shirika la bei chee na mwenzake amepanda shirika la huduma kamili. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo maana halisi ya mseto kwa sasa. Zamani neno lilielezea shirika, leo linaelezea tiketi.

Wafanyabiashara wetu wanaoteremka Guangzhou hunaswa hapa. Tiketi ya kutoka Dar au Nairobi mara nyingi ina vipande viwili vya kilo 23. Mtu amezoea. Akifika China anaamua kupitia Bangkok kuangalia nguo, anakata tiketi ya ndani ya Asia kwa simu usiku akiwa hotelini, anaona bei nzuri, anabonyeza. Asubuhi yuko kaunta na kilo 40, na tiketi yake inasema 7. Bei ya kilo za ziada ukilipia kaunta ni kali kuliko ukilipia mapema mtandaoni, tena kwa makusudi: wanataka ulipie mapema.

Halafu kuna kuunganisha ndege, jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Bei chee halisi hukuuzia safari kutoka A hadi B na uhusiano wenu unaishia B. Mseto kwa kawaida ana makubaliano na mashirika mengine, kwa hiyo unaweza kupata tiketi moja yenye vipande viwili, begi likaenda hadi mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa wao wakutafutie nyingine. Ukijiunganishia mwenyewe kwa tiketi mbili tofauti, unatoka uhamiaji, unachukua begi kwenye mkanda, unapanga foleni upya. Kama nchi hiyo inadai viza kwa pasipoti yako, uwe nayo, hata kama unakaa pale saa tatu tu. Kuala Lumpur ni mfano mzuri: Batik Air wako Terminali 1, AirAsia wako Terminali 2. Kati yake ni dakika tatu kwa treni, lakini treni hiyo ipo nje ya uhamiaji.

Mipaka yenyewe haisimami. IndiGo ya India, bingwa wa bei chee, mwaka 2024 ilianza kuweka viti vya daraja la biashara kwenye njia ya Delhi na Mumbai. AirAsia X, iliyofika Nairobi kutoka Kuala Lumpur Novemba 2024, ina viti 377 kwenye Airbus A330, na 12 kati yake unaweza kuvilaza. ZIPAIR, mtoto wa Japan Airlines, ina viti 18 vinavyolala kabisa, lakini hata aliyekaa hapo analipia chakula; intaneti ndiyo bure, kwa wote. Bangkok Airways imekuja kutoka upande mwingine: abiria wa daraja la kawaida anapewa chakula hata kwenye safari ya saa moja, anakaribishwa sebuleni kwao kabla ya kupanda, na nauli yake ya kwenda Samui, kisiwa cha Thailand, si ya masikhara kwa sababu uwanja wa Samui ni wao wenyewe. Huo siuiti mseto wa bei nafuu, japo wengine huuweka humo.

Iliyo karibu nasi zaidi ni flydubai. Ilianza 2009 kama ya bei chee, 2013 ikaongeza daraja la biashara, 2017 ikafunga ubia na Emirates, na Zanzibar na Dar es Salaam zimo kwenye njia zake. Ukinunua tiketi ya Emirates kwenda mji fulani wa Asia, angalia mstari mdogo unaosema ndege inaendeshwa na nani. Unaweza kupanda 737 ya flydubai kwa sehemu ya safari, na hujadanganywa, hukusoma tu.

Si kila aliyepita katikati amefika. Bamboo Airways ya Vietnam iliruka mara ya kwanza Januari 2019 ikijinadi kwa huduma nzuri na nauli ya wastani, ikanunua ukubwa haraka mno. Machi 2022 mwenyekiti wa kundi mama akakamatwa kwa kuchezea bei za hisa, na mwaka uliofuata ndege zake kubwa za 787 zikaondoka. Katikati kuna upepo wa pande mbili: wa chini wanakupiku kwa bei, wa juu kwa starehe.

Mara yangu ya mwisho kwenye mseto ilikuwa safari ya saa tatu na ushee kutoka Kuala Lumpur, shirika silitaji. Safu ya 21, tulikuwa watatu. Dirishani kijana mlinzi anayerudi kwao likizo, ana mkate ndani ya mfuko wa nailoni. Katikati mama mmoja wa makamo. Mimi njiani. Mhudumu alikuja na karatasi yenye namba za viti, akasoma, akampa mama sinia la wali na kuku, akanipita. Nikakunja kimeza changu taratibu ili isionekane nilikuwa nimekifungua. Tulipoanza kuzungumza, mama akaniuliza nililipa kiasi gani. Nikamtajia nauli yangu, akacheka, kwa sababu nauli yake ilizidi yangu kwa ringgit 60 tu na begi lake la kilo 20 lilikuwa humo. Langu la kilo 11 nililipia kaunta asubuhi ile, ringgit 95. Sikumwambia.