“Nimeshamalizana na Mungu” na dhana nyingine zinazoilea dhambi ya siri

Sentensi hii naisikia kwa mzee wa kanisa, kwa mwanakwaya, kwa mama wa umoja wa wanawake, kwa kijana wa chuo: “Mchungaji, lile jambo nimeshamalizana na Mungu.” Hutamkwa kwa utulivu, na karibu kila mara anayeitamka ameletwa kwangu na mtu mwingine, kwa kuwa lile jambo bado linaendelea. Mke ameikuta laini ya pili. Mweka hazina wa kikoba hesabu zimemgomea. Kijana amebeti ada ya muhula mzima, mkeka ukachanika, na sasa anakimbizwa na mkopo wa kausha damu. Nimechoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja. Naijibu hapa, na nyingine za ukoo wake nitazigusa njiani.

Dhana: Dhambi ni kati yangu na Mungu, nikimwambia yeye peke yake inatosha

Nianze na pale penye ukweli. Msamaha unatoka kwa Mungu. Hakuna mchungaji, askofu wala nabii anayeongeza chochote juu ya damu ya Yesu. Anayetubu kitandani saa nane usiku, peke yake, kwa moyo wa kweli, amesikiwa. Hapo sina ubishi, na naomba nisiwekewe maneno kinywani. Ninachokibishia ni hilo “inatosha”.

Wanaonijia na 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki, wanausoma mstari huo bila kuangalia wa 7, unaosema kwamba tukienenda nuruni “twashirikiana sisi kwa sisi”. Nuru anayoisema Yohana ina watu wengine ndani yake. Yakobo naye hakuacha mwanya: “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa.” Anasema kuponywa. Nimekaa na watu waliosamehewa mara nyingi sana na hawajapona hata kidogo, na hilo halitokani na uchache wa rehema. Ni kwamba ugonjwa wao unaishi kwa kufichwa, na kila toba yao imefanyika ndani ya maficho yale yale.

Kisha linakuja andiko la pili, Zaburi 51: “Nimekutenda dhambi Wewe peke yako.” Hili ndilo linanitoa jasho, maana anayelitumia kujificha hajaisoma anwani ya zaburi yenyewe. Inasema Daudi aliomba hivyo baada ya nabii Nathani kumwendea kwa habari ya Bathsheba. Kabla ya hapo alikuwa na nafasi tele ya kumalizana na Mungu wake kimya kimya. Uria, mume wa Bathsheba, alikuwa ameshauawa vitani, mjane ameshaletwa nyumbani kwa mfalme, na mtoto ameshazaliwa. Muda wote huo Daudi ni mfalme, anahukumu watu, na bila shaka anaomba. Kilichomvunja ni mtu aliyesimama mbele yake akamwambia, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Halafu tazama sala yake ilikwenda wapi: ilikabidhiwa kwa mwimbishaji, watu wakaimba. Sala mnayoitumia kutetea siri ndiyo iliyoimbwa hadharani ikiwa na jina la mkosaji juu yake.

Sasa tuache maandiko kidogo tuangalie inavyokwenda nyumbani. Mtu anaanguka, tuseme ni video za ngono kwenye simu. Anajichukia, analia, anaomba, anafuta kila kitu, anafunga siku mbili. Anapata amani ya kweli. Wiki zinapita. Simu ni ile ile, inalala kando ya mto ule ule, saa ya hatari ni ile ile ambayo mke amesafiri au ameshalala, na uchovu wa kazi ni ule ule. Anaanguka tena, na safari hii aibu ni kubwa zaidi, kwa hiyo maficho nayo yanaongezwa: neno la siri jipya, programu inayojificha. Kila mzunguko unamfundisha mambo mawili, namna ya kulia na namna ya kuficha vizuri zaidi. Aliyetoa ahadi ndiye anayekagua kama imetimizwa. Mweka hazina anayejikagua mwenyewe hata usharika maskini usingemkubali, lakini mtu huyo huyo anayesimama kwenye mkutano mkuu kudai ukaguzi huru wa sadaka, moyo wake ameukabidhi kwa mkaguzi ambaye ni yeye.

“Lakini Mchungaji, kuungama kwa mtu si ni mambo ya Wakatoliki?” Swali hili nikiulizwa na Mlutheri mwenzangu huwa nahesabu hadi kumi kwanza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu Walutheri, ibara ya 11, linasema wazi kwamba ondoleo la dhambi la faraghani lidumishwe kanisani. Linachokataa ni kumlazimisha mtu aorodheshe kila dhambi bila kuacha hata moja. Katekisimo Ndogo ya Luther, ile tuliyokariri kwenye kipaimara, ina sehemu nzima inayomfundisha Mkristo wa kawaida namna ya kuungama mbele ya mchungaji. Waanglikana wana Kitabu cha Sala cha 1662 kinachomwita mtu asiyeweza kuituliza dhamiri yake aje kwa mhudumu amfungulie huzuni yake. John Wesley, baba wa Wamethodisti, mwaka 1738 aliwaandikia watu wake kanuni za vikundi vidogo, na swali la kwanza la kila wiki lilikuwa dhambi gani unayoijua umeitenda tangu tulipokutana. Kitubio cha Wakatoliki kina utaratibu wake, sawa. Lakini kuungama kwa mwenzako ni urithi wetu sote. Sisi tumeuweka kabatini.

Tena sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Ujerumani wala Uingereza. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu kupitia upande wa Bukoba, ulijulikana kwa watu kutembea nuruni. Waliungama kwa sauti, Mwafrika na mmisionari katika kikao kimoja, na wengine walirudisha vitu walivyoiba. Ndiyo, kuna mahali ungamo la hadharani lilizidi mipaka, watu wakasimulia yasiyofaa masikioni mwa watoto. Sipendekezi hayo yarudi. Ila ukijiita mlokole, jina tulilolirithi kwa watu hao wa uamsho, halafu unasema dhambi yako haimhusu mtu yeyote, umebeba jina la watu usiofanana nao.

Kwa hiyo nashauri nini? Mtu mmoja. Narudia, mmoja, wala si kundi la WhatsApp au ushuhuda wa madhabahuni. Awe wa jinsia yako, amekuzidi umri kidogo, ametembea na Bwana kwa muda, na asiwe mtu anayekutegemea kwa mshahara wala wewe kumtegemea yeye. Kabla ya kukutana naye andika dhambi yako kwa sentensi moja isiyo na pambo. “Nimeteleza” hairuhusiwi. “Nina changamoto” hairuhusiwi. “Nina udhaifu fulani” ndiyo kabisa. Andika: nimezini na fulani tangu mwezi fulani, nimechukua fedha za kikundi, kiasi hiki, natazama picha za ngono usiku. Ukishindwa kuiandika kwenye karatasi ambayo utaichoma baadaye, ujue bado hujaiungama hata kwa Mungu; umemweleza tu kwamba unasikitika. Msomee huyo mtu karatasi yako, muombe pamoja, mpange siku ya kukutana tena, na umpe ruhusa ya kukuuliza kwa jina la dhambi yenyewe. Na simu ilale sebuleni. Watu hutikisa kichwa nikisema hivyo, wanaona ni jambo dogo mno kwa Mkristo mkomavu, lakini Yesu aliyesema habari za kung’oa jicho na kukata mkono hakuwa anasifia mipango ya nusu nusu.

Dhana: Hili ni pepo, niombee litoke

Inashika nafasi ya pili kwa kunichosha. Pepo wa uzinzi, roho ya kamari, roho ya ukoo. Sikatai kuombea, wala sikatai kwamba kuna watu wanaosumbuliwa na nguvu za giza. Lakini Paulo katika Wagalatia 5 anaorodhesha uasherati, uchafu, hasira, husuda, ulevi, na anaviita matendo ya mwili. Mwili haukemewi ukatoka. Unasulubiwa, na kazi hiyo haimalizwi kwa jioni moja ya mkesha. Anayekuja kwangu akitaka maombezi tu, nikimuuliza “Tuombee nini hasa?” akajibu “Mungu anajua,” huyo anataka kupona bila kujulikana. Maombezi yameshakuwa pazia jingine. Na hata pale ambapo pepo ametoka, soma Mathayo 12: anarudi na wenzake saba akiikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Ufagio uliletwa na mwombezi. Nani anakaa ndani baada ya hapo?

Dhana: Nikioa itaisha

Haiishi. Tamaa iliyozoea siri haihitaji mke, inahitaji siri, na ndoa ina mahali pengi pa kujificha. Nimefunga ndoa za kutosha kulisema hili bila kusita. Mweleze mchumba wako kabla ya kadi za mchango kuchapwa.

Dhana: Ingekuwa Mungu amekasirika, huduma yangu isingekuwa na matunda

Samsoni aliendelea kushinda vita akilala Gaza kwa kahaba. Siku nguvu zilipomwacha, Waamuzi 16 inasema hakujua. Kwaya kujaa na watu kuguswa ni neema ya Mungu kwa hao watu. Usiifanye cheti chako cha tabia njema.

Dhana: Haimuumizi mtu mwingine

Akani, katika Yoshua 7, aliiba nyara zilizokatazwa za Yeriko, akazika vazi, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu chini ya hema lake, na watu 36 wakafa huko Ai wasijue kwa nini. Kwa lugha ya leo: mume anayechepuka halafu anakataa kupima VVU kwa sababu ameshatubu.

Dhana: Nikisema, nitatangazwa

Hapa siwezi kupuuza, maana hofu hii tumeipanda wenyewe. Wapo watumishi wanaogeuza ungamo la Jumatano kuwa mfano wa mahubiri ya Jumapili, wakibadilisha jina tu. Wapo wazee wa kanisa ambao kikao chao hakina siri hata ya saa moja. Na kuna hili la kutenga: binti mwenye mimba anasimamishwa mbele ya usharika, huku aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda kwa sababu tumbo lake halionyeshi kitu. Nidhamu ya namna hiyo inaadhibu dhambi inayoonekana na kuilipa ile iliyofichwa. Mathayo 18 inaanza na kwenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Wagalatia 6:1 inataka upole. Kwa hiyo chagua mtu wako kwa makini, na kama mchungaji wako anajulikana kwa mdomo, nenda kwa mwingine; hujamkosea heshima. Muulize wazi kabla hujaanza: “Haya yatabaki hapa?” Akisitasita, nyanyuka uende zako.

Kuna mipaka miwili ambayo msikilizaji mwaminifu atakwambia mapema. Fedha ya watu inarudishwa. Zakayo mtoza ushuru hakuimba tu, aliahidi kurudisha mara nne. Na aliyemdhuru mtoto asitegemee ungamo limfiche. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nitakusindikiza hadi hapo na nitaomba nawe, lakini tutakwenda.

Dhana: Nikianguka tena, basi toba ya kwanza ilikuwa ya uongo

Inawezekana, lakini mara nyingi sivyo. Mazoea ya miaka kumi hayasikii ungamo moja. Ninachoangalia ni muda unaopita kati ya kuanguka na kusema. Zamani ulikuwa miaka, hadi ukakamatwa. Ukiwa sasa ni saa chache, kuna kitu kimekufa ndani yako, na ndicho tulichotaka kife. Ndiyo maana tunakubaliana mapema: ukianguka Jumanne, unampigia mtu wako Jumanne. Ukisubiri Jumapili utakuwa umeshapata maelezo mazuri ya kwa nini safari hii haikuwa dhambi hasa.