Kwa nini kitatange mmoja auzwe kwa bei ya gari?

Maji yakikupwa Malindi, shuka na miwani ya kuzamia ndani ya hifadhi ya bahari, ile iliyotangazwa mwaka 1968, na kitatange utamwona bila kumtafuta. Ni samaki bapa, mpana, anayejipenyeza taratibu baina ya matumbawe. Yupo mwenye mistari ya manjano na samawati iliyolala ubavuni, ambaye wataalamu humwita Pomacanthus imperator. Yupo Pomacanthus chrysurus, mwenye mkia wa manjano. Wote ni wa jamii ya Pomacanthidae, na aina za jamii hiyo duniani zinakaribia 90.

Jamii hiyohiyo ina ndugu mmoja ambaye huku kwetu hayupo. Urefu wake ni kama sentimita saba, mwili mweupe wenye mapau mekundu yaliyosimama wima. Jina lake la kitaalamu ni Paracentropyge boylei, na alielezwa mara ya kwanza mwaka 1992 na Richard Pyle na John Randall kutokana na samaki waliopatikana Rarotonga, katika Visiwa vya Cook. Wafugaji wa samaki wa mapambo wamemtajia bei ya hadi dola 30,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu za Kenya, kwa samaki anayetoshea kiganjani.

Kwa nini?

Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba samaki huyo lazima awe adimu: wamebaki wachache baharini, ndiyo maana wanagombaniwa. Jibu hilo linaingia akilini kirahisi kwa sababu ndivyo tulivyozoea kufikiri kuhusu pembe ya kifaru na meno ya ndovu. Kwa vitatange wengi wa bei kubwa, halishiki. Na inafaa tulichambue kwa utulivu, kwa sababu anayeliamini hujikuta akiamini na kinyume chake, yaani kwamba samaki wa bei rahisi ni wengi na hawana shida.

Tuanze na hicho kinyume. Indonesia, kwenye visiwa vya Banggai, yuko samaki mdogo mwenye mistari myeusi, Pterapogon kauderni. Anakaa maji mafupi, kwenye nyasi za bahari na baina ya miiba ya shefu, na hana haja ya kukimbizwa sana. Kwa miaka mingi amevuliwa kwa mamia ya maelfu na kuuzwa bei ya chini. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huyo ndiye adimu wa kweli, na bei yake haikumlinda hata kidogo.

Sasa mtazame kitatange wa Hawaii, Genicanthus personatus, mweupe, jike lake likiwa na uso mweusi. Karibu na visiwa vikubwa vya Hawaii, ambako watu wanaishi na wazamiaji wanafanya kazi, samaki huyu hukaa kina kirefu na haonekani mara kwa mara. Kwa hiyo alikuwa wa maelfu ya dola. Lakini fuata safu hiyohiyo ya visiwa kuelekea kaskazini-magharibi, hadi Midway na Kure, utamkuta kwenye maji mafupi na kwa wingi. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 2006 na hakuna anayeruhusiwa kuvua samaki wa mapambo huko. Bei ilipangwa na mahali mzamiaji anapoweza kufika. Idadi ya samaki waliomo baharini haikuhusika.

Sitaki kusema kwamba uchache haupo kabisa. Yuko Holacanthus clarionensis, wa rangi ya chungwa, ambaye makao yake makuu ni visiwa vya Revillagigedo vya Mexico na si zaidi ya hapo sana. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza katika Kiambatisho cha Pili ili biashara yake isimamiwe. Kwa samaki wa namna hiyo, udogo wa makao ni hoja halali. Lakini kwa boylei na wenzake wa kilindini, hoja ni nyingine kabisa: bei hulipia safari ya kumpandisha juu akiwa hai. Safari hiyo haina hata mita mia moja na ishirini, na ndiyo inayoua.

Wavuvi wa mshipi wa Malindi na Mayungu wameyaona mauti hayo bila kuvua kitatange hata mmoja. Mtu akivuta tewa kutoka kilindini, samaki hufika juu macho yamemtoka, tumbo limejaa kama ngoma, na kinywani pametokeza mfuko laini wa rangi ya waridi. Wengine husema ametapika utumbo kwa kuhangaika na ndoana. Wengine huuona ule mfuko wakadhani ni kibofu chake cha hewa, na wapo wanaoutoboa wakiamini wanamsaidia. Mfuko huo ni tumbo la chakula, limegeuzwa nje ndani kama mfuko wa suruali unaokung'utwa. Kilicholisukuma kiko nyuma yake.

Samaki wengi wenye mifupa wana kibofu cha hewa chini ya uti wa mgongo. Gesi iliyomo humwezesha samaki kubaki kwenye kina anachotaka bila kupiga mapezi muda wote. Mwatiko, ambaye Pwani tunamfuga mabwawani, ana mrija unaounganisha kibofu na njia ya chakula, kwa hiyo gesi ikizidi huitoa kwa kinywa. Papa na nguru hawana kibofu kabisa. Tewa, changu na vitatange wako upande mbaya: kibofu wanacho, mrija hawana. Gesi huingizwa na tezi maalumu inayoipata kutoka kwenye damu, na hutoka kwa kurudi kwenye damu kupitia sehemu nyembamba ya ukuta wa kibofu. Ni njia nzuri kwa samaki anayebadili kina kidogo kidogo, maana kazi hiyo huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku. Anayevutwa kwa dakika mbili hana muda huo.

Hapa ndipo hesabu inapopendeza. Juu ya maji tunabanwa na mgandamizo wa hewa, tuuite moja. Kila mita 10 za maji huongeza moja nyingine. Kwenye mita 10 ni mbili, mita 20 ni tatu, mita 100 ni kumi na moja. Gesi nayo hutanuka kadiri mgandamizo unavyopungua: mgandamizo ukiwa nusu, gesi huchukua nafasi maradufu. Kanuni hiyo ilitangazwa na Robert Boyle mwaka 1662, na ni sadfa tupu kwamba kitatange wetu naye anaitwa boylei, kwani jina lake limetokana na mzamiaji mwingine, Charles Boyle.

Basi mfuate samaki anayepanda kutoka mita 100 na kibofu chenye ujazo wa moja. Akifika mita 90, gesi imekuwa moja na sehemu ya kumi. Hata haumii. Akifika mita 50 inakaribia mbili. Mita 20, imepita tatu na nusu. Mita 10, ni tano na nusu. Akitoka hapo hadi juu, inakuwa kumi na moja. Kwa mita 90 za mwanzo gesi imefika tano na nusu tu, kisha mita 10 za mwisho, zile ambazo mtu hujiona amekwisha fika, zinaongeza tano na nusu nyingine. Mwili wa samaki wa sentimita saba hauna pa kuiweka gesi hiyo. Tumbo husukumwa kinywani, macho hutokezwa, na kibofu kinaweza kupasuka.

Kwa hiyo anayetaka boylei hai hana budi kumpandisha kwa vituo. Samaki huwekwa ndani ya chombo chenye matundu kilichofungwa kwenye kamba, akaachwa kwenye kina fulani hadi damu yake ipunguze gesi, kisha akavutwa mita chache, akaachwa tena. Njia ya pili ni sindano: mshikaji huichoma ubavuni, nyuma ya pezi la kifuani, ifike kwenye kibofu, na mapovu hutoka kwenye tundu la sindano. Ni haraka, lakini kosa la milimita chache huharibu figo au utumbo, na jeraha laweza kuoza. Taasisi ya California Academy of Sciences ya San Francisco imeunda chombo kinachofungwa kikiwa bado chini majini, kikapanda na mgandamizo wake, halafu mgandamizo ukapunguzwa polepole samaki akiwa tayari nchi kavu.

Mzamiaji naye ana hesabu yake. Kuzamia kwa starehe kunaishia mita 40. Kwenda mita 100 kwa hewa ya kawaida ni hatari, kwani nitrojeni hulevya kadiri unavyoshuka. Kitatange mwingine wa Rarotonga alipewa jina Centropyge narcosis kwa ajili ya ulevi huohuo. Siku hizi wazamiaji wa kilindini hupumua mchanganyiko wenye heliamu, kwa vifaa vinavyosafisha pumzi na kuirudisha. Hata hivyo, dakika chache za kutafuta samaki chini huzaa saa za kungoja njiani wakati wa kupanda, maana gesi iliyoyeyuka mwilini mwa mzamiaji nayo inataka kutoka kidogo kidogo. Yeye na samaki wake wananing'inia kwenye kamba moja kwa sababu moja.

Ukijumlisha mashua, gesi, vifaa na saa hizo zote, dola 30,000 hazishangazi tena. Na ukitaka uthibitisho kwamba bei hufuata ugumu wa kupata, mrudie yule wa Hawaii. Wafugaji walipofaulu kuzalisha Genicanthus personatus kwenye matangi, vifaranga wakauzwa bila mtu kushuka kokote, na bei yake ikaporomoka. Baharini hakuna kilichobadilika.

Kwangu mimi, faida kubwa ya kuielewa hesabu hii iko kwenye mashua zetu kuliko kwenye matangi ya ng'ambo. Tewa mchanga akivuliwa na mvuvi akaona amrudishe akue, kumtupa tu majini si kumrudisha. Kibofu kimejaa, samaki anaelea ubavu, hawezi kuzama, na ndege wanamwona. Kulitoboa lile tumbo lililo kinywani ni kumwongezea jeraha. Wavuvi wa Marekani wanatumia njia ambayo mtu yeyote mwenye mshipi anaweza kuitengeneza: chubwi nzito yenye ndoana iliyosuguliwa hadi jino lake la kunasia limeondoka, inayoshikizwa kwenye mdomo wa chini wa samaki. Chubwi humvuta chini kichwa mbele, na kamba ikivutwa ghafla ndoana huchomoka yenyewe. Majaribio ya California kwa samaki wa miambani yameonyesha kwamba wengi walioshushwa haraka namna hiyo huishi. Wala si lazima kumfikisha alikotoka, kwa kuwa mita 10 za kwanza za kushuka tayari zinapunguza gesi kwa nusu, naye akaanza kuogelea mwenyewe.