Kiyoyozi hakitengenezi baridi: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

"Gesi ya kiyoyozi huisha, kila mwaka lazima ijazwe." Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi hapa Mwanza, na inaniuma. Gesi hiyo haiungui kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa: inachukua joto la chumbani, inalimwaga kwenye kipande cha nje, inarudi kuchukua jingine. Miaka kumi ikipita bila kuvuja, gesi ni ileile. Ikipungua, basi pana tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta amekuuzia hewa.

Kagua kwanza nati zinazounganisha mabomba na kipande cha nje. Ukiona doa la mafuta lililonata vumbi, hapo pana shaka, maana mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, husafiri pamoja na gesi na huvuja nayo. Fundi apake maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, tundu limejionyesha. Asome pia kibandiko cha ubavuni kabla ya kufungua mtungi. Kimeandikwa aina ya gesi: mashine ya R-32 haitiwi R-22 wala R-410A, na R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara ikae mbali.

Kwa kuwa kazi ya kiyoyozi ni kuhamisha joto, uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu za joto au zaidi. Hata hivyo, wanaosema kinakula umeme hawajakosea kabisa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kikifanya kazi kwa nguvu zote hula takriban uniti moja ya LUKU kwa saa. Lakini Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku mwingi hewa ya nje ni baridi ya kutosha. Kwa maoni yangu, mwenye chumba cha bati tupu aanze na dari na madirisha yenye nyavu. Bila hivyo atalipia joto la bati mchana kutwa.

Kuna pia wanaoweka rimoti kwenye nyuzi 16 ili chumba kipoe haraka. Mashine isiyo na inveta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya kompresa, haina mwendo wa pili: ukiweka 16 au 25, kompresa inazunguka vilevile, tofauti ni muda wa kuzima tu. Weka 25 au 26. Na usinunue kikubwa kupita chumba kwa kudhani ndiyo nafuu. Kitapoza upesi na kuzima kabla hakijakausha hewa, nasi tulio kando ya ziwa shida yetu kubwa ni unyevu. Maji yanayodondoka kwenye bomba la nje ndiyo unyevu huo uliotolewa chumbani. Si gesi inayovuja.

Wengine huamini kiyoyozi kinaingiza hewa safi. Hapana, cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua, kiyoyozi kiwe kimewashwa au la.

Jambo la huku kwetu ambalo mafundi wengi hawalitaji ni wadudu wa ziwa, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi. Usiku hufuata mwanga. Kipande cha nje kikifungwa chini ya taa ya ulinzi, asubuhi mapezi yake ya alumini, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yamezibwa na wadudu waliokufa, joto halina pa kutokea, na kompresa inahangaika bure. Hamisha taa. Zima swichi kuu, kisha safisha kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu, usije ukayapinda mapezi.

Mwisho, ile alama ya jua kwenye rimoti si pambo. Kwenye mashine zenye vali ya kugeuza, gesi huzungushwa kinyume: joto huchotwa nje na kuletwa ndani, hata nje kukiwa na baridi. Norway watu wengi hupasha nyumba zao hivyo. Sisi Kirumba au Nyegezi hatuihitaji, lakini mwenye ndugu Njombe au Makete amwambie: Juni na Julai itampa joto kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya, ambayo kwa uniti moja ya umeme hutoa uniti moja tu ya joto. Kabla ya kununua ahakikishe alama hiyo ipo, kwani mashine nyingi zinazouzwa kwetu ni za kupoza peke yake.